Kabla Hujajaza Fomu ya Mafunzo

Maswali ya wafanyakazi wa vyuo vikuu kuhusu kujiendeleza yanafanana hata yakitoka kwa watu wa kada tofauti kabisa. Mhadhiri msaidizi anauliza akasomee wapi uzamivu. Fundi sanifu wa maabara anauliza kama shahada itampandisha daraja. Mwandishi mwendesha ofisi anataka kujua kozi fupi ipi ina soko, na afisa udahili anauliza kwa nini jina lake halitokei kwenye mpango wa mafunzo mwaka hadi mwaka. Wote wanauliza juu ya kozi, cheti na fedha. Ni wachache wanaoanza na kazi inayowashinda mezani kwao, na hapo ndipo wengi hupotea. Mafunzo yanayomfaa mfanyakazi wa chuo kikuu ni yale yaliyotokana na tatizo la kazi yake, kisha yakarudishwa kwenye kazi hiyo huku kukiwa na mtu wa kuyafuatilia. Cheti kinaweza kuwamo, na posho pia. Ila vikigeuka kuwa ndivyo vigezo vya kuchagulia, uwezekano ni mkubwa kwamba utarudi na begi la warsha lenye nembo na kalamu mbili, na ofisi utaikuta kama ulivyoiacha.

Mifano mingi hapa ni ya Tanzania, na michache ya Kenya, kwa sababu kanuni za ajira hutofautiana kati ya nchi na nchi. Msomaji wa Kampala au Bujumbura atapaswa kulinganisha na taratibu za kwake, hasa kwenye sehemu ya ruhusa na mikataba.

Tatizo litangulie kozi

Mwaka 2004 Graham Gibbs na Martin Coffey walichapisha utafiti uliogusa vyuo vikuu 22 katika nchi 8. Waliwalinganisha wahadhiri waliopitia mafunzo ya kufundisha na wenzao ambao hawakupata mafunzo hayo. Baada ya mwaka, waliofunzwa walikuwa wamebadilika: wanafunzi wao waliwapa alama za juu zaidi, na wao wenyewe walianza kujali mwanafunzi anaelewa nini, wakapunguza wasiwasi wa kumaliza mada. Wasiofunzwa ama walibaki palepale ama walirudi nyuma. Jambo la kushika hapa ni kwamba mafunzo yale yalienea miezi kadhaa, mhadhiri akiwa anaendelea na darasa lake, anajaribu na kurudi kuuliza. Hayakuwa semina ya siku mbili hotelini. Bruce Joyce na Beverly Showers walikwisha kuona jambo la namna hiyo kwa walimu wa shule huko Marekani tangu miaka ya 1980. Nadharia na maonyesho peke yake huleta badiliko dogo sana kazini, na linaloleta tofauti ni mwenzako wa kukufuatilia unapojaribu.

Kwa hiyo kabla hujaangalia tangazo lolote, fanya yafuatayo:

1. Andika kazi mbili au tatu unazozifanya mara nyingi zaidi, na kwa kila moja taja mahali inapokwama. "Nataka kuboresha ufundishaji" haisaidii. "Kila muhula nusu ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaliruka swali la takwimu" inasaidia.
2. Jiulize kama kukwama huko kunatokana na kutojua. Mengi yanayoitwa upungufu wa mafunzo ni upungufu wa vifaa, wa watu au wa maamuzi. Maabara iliyoishiwa vitendanishi haihitaji kozi ya usimamizi wa maabara.
3. Mtafute mtu wa chuoni hapohapo anayelifanya jambo hilo vizuri. Saa mbili kwake zinaweza kukuondolea haja ya safari.
4. Hatua hizo zikishindikana, ndipo utafute kozi, na uipime kwa swali moja: itanipa nafasi ya kujaribu jambo hili kwenye kazi yangu kabla haijaisha?

Hatua ya pili ndiyo inayorukwa kuliko zote, na ina sababu yake. Ni rahisi kumwambia mkuu wa idara kwamba watu wanahitaji mafunzo kuliko kumwambia kwamba utaratibu wake wa kupitisha matokeo ya mitihani una saini tano zisizo na kazi. Mafunzo hayamuudhi mtu. Matokeo yake ni kwamba mfanyakazi anapelekwa kozi ya "huduma bora kwa mteja" ilhali mteja, yaani mwanafunzi mwenye hasira aliyesimama dirishani, anacheleweshwa na mfumo ambao mfanyakazi huyo hana mamlaka ya kuugusa.

Kwa wahadhiri: uzamivu haukufunzi kufundisha

Nchini Tanzania mtu huajiriwa ukufunzi msaidizi akiwa na GPA isiyopungua 3.8 ya shahada ya kwanza, na cheo cha mhadhiri msaidizi hudai GPA isiyopungua 4.0 ya uzamili. Kutoka hapo ngazi inayofuata inahitaji uzamivu. Kenya ilifuata njia hiyohiyo kwa mkazo mkubwa zaidi: mwaka 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, ilitoa muda hadi 2019 ili wanaoshika cheo cha mhadhiri wawe na uzamivu. Vigezo hivi vina mantiki yake, lakini vyote vinapima uwezo wa mtu kujifunza na kutafiti. Hakuna hata kimoja kinachopima kama anaweza kumfafanulia jambo kijana wa miaka 19 aliyekaa safu ya mwisho ya ukumbi, kipaza sauti kikiwa kinakatakata. Mwalimu wa sekondari husomea ualimu na hupelekwa mazoezi ya kufundisha kabla hajakabidhiwa darasa. Anayefundisha wahandisi na madaktari anaweza kukabidhiwa ukumbi mzima wiki moja baada ya kuripoti kazini.

Utasema: ndiyo, lakini kinachonipandisha cheo ni machapisho, basi kwa nini nipoteze muda kwenye ufundishaji? Hoja hii ni nzito na haifai kujibiwa kwa mahubiri. Ni kweli machapisho ndiyo yanayobeba uzito mkubwa kwenye kamati za upandishaji vyeo. Lakini angalia matumizi ya muda wako. Mhadhiri mwenye madarasa makubwa hutumia sehemu kubwa ya wiki kuandaa, kufundisha, kutunga mitihani na kusahihisha. Asiyejua kutunga mtihani unaosahihishika, au asiye na njia ya kugundua mapema kwamba darasa limeachwa nyuma, hulipa deni hilo baadaye kwa mitihani ya marudio, malalamiko ya alama na vikao visivyokwisha. Kujifunza kufundisha ni mojawapo ya njia chache za kupata muda wa kuandika, na hata anayejali cheo peke yake ana sababu ya kulipa jambo hilo kipaumbele.

Darasa la mia nne bila projekta

Pingamizi la pili ni ukubwa wa madarasa. Mbinu shirikishi, wanasema wengi, ni za darasa la watu ishirini wenye kompyuta. Eric Mazur alianza mbinu yake ya kujifunza kwa wenzao akifundisha fizikia Harvard mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwenye ukumbi wa mihadhara hasa. Hatua zake hazidai umeme: mhadhiri anasimamisha somo, anauliza swali lenye majibu manne ya kuchagua, kila mwanafunzi anachagua peke yake, kisha anajadiliana na jirani yake na kuchagua tena. Kura zinaweza kupigwa kwa vidole, kimoja hadi vinne, mkono ukiwa kifuani ili jirani asiige. Ukiona wengi wamekosa, unajua pa kurudia kabla hujaendelea. Maswali mawili ya namna hiyo kwa kila kipindi yanatosha kuanzia.

Ushahidi wa jumla nao upo. Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walikusanya tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati. Kwenye madarasa ya mihadhara ya kawaida, wastani wa wanafunzi asilimia 33.8 walifeli; kwenye madarasa yaliyowashirikisha wanafunzi, asilimia 21.8. Mtu anaweza kusema tafiti hizo hazikufanyika Dodoma wala Eldoret, na ana haki. Ila jibu lake ni kupima kwako mwenyewe: tumia mbinu hiyo kwenye mada tatu, ziache nyingine tatu kama zilivyo, halafu linganisha majibu ya maswali ya mtihani juu ya mada hizo. Si utafiti kamili, lakini ni bora kuliko kubishana kwenye kikao cha idara.

Jihadhari na jambo moja ambalo huwakatisha tamaa wengi. Wanafunzi wanaweza kulalamika mwanzoni. Louis Deslauriers na wenzake walionyesha mwaka 2019, tena Harvard, kwamba wanafunzi walioshirikishwa darasani walijifunza zaidi huku wakihisi wamejifunza kidogo kuliko wale waliosikiliza mhadhara mzuri. Kusikiliza kunapendeza, na kufikiri kunachosha. Kwa hiyo waeleze wanafunzi mapema kwa nini unafanya hivyo, na usiiache mbinu kwa sababu ya wiki mbili za manung'uniko. Kwa sababu hiyohiyo, usitegemee fomu za tathmini zinazojazwa na wanafunzi peke yake. Mwaka 2017 Bob Uttl na wenzake walipitia upya tafiti za nyuma na kukuta kwamba alama ambazo wanafunzi huwapa walimu hazihusiani na kiasi wanachojifunza.

Kinachosaidia zaidi ni mwenzako kuja kukaa darasani kwako. Njia hii haigharimu kitu na ndiyo inayoogopwa kuliko zote, kwa kuwa katika vyuo vingi mtu akiingia kwenye darasa la mwingine huonekana amekuja kupeleleza. Ili isilete uhasama:

- Mchague mwenzako wa cheo sawa na chako, ikiwezekana wa idara nyingine. Mkuu wako wa idara asiwe wa kwanza.
- Mwambie kabla ni jambo gani moja unataka aliangalie: je, maswali yangu yanajibiwa na watu walewale? Je, ninaongea na ubao?
- Aandike alichokiona, asiandike anachokifikiria. "Dakika 25 hakuna mwanafunzi aliyeongea" ni taarifa. "Darasa limepooza" ni hukumu.
- Zungumzeni siku hiyohiyo, kisha wewe uende kwake.
- Karatasi ibaki kwenu wawili. Siku itakapoingia kwenye faili la tathmini ya kazi, mpango umekufa.

Kuandika na kuchapisha: mahali penye mitego

Mafunzo ya uandishi wa makala za kitaaluma yanapendwa sana, na yanakosewa kwa namna moja kubwa: watu huenda bila andiko. Semina ya uandishi unayoihudhuria mikono mitupu ni burudani. Nenda na rasimu, hata iwe mbaya, na uchague mafunzo yatakayokulazimisha uibadilishe hapohapo. Robert Boice, aliyewachunguza wahadhiri wapya wa Marekani kwa miaka mingi, aliwakuta wanaoandika vipande vifupi mara kwa mara wakizalisha zaidi ya wale wanaosubiri likizo ndefu ili waandike mfululizo. Kwetu likizo hiyo huishia kwenye usahihishaji na usimamizi wa mazoezi kwa vitendo, kwa hiyo kuisubiri ni kujidanganya. Nusu saa kabla ya kufungua barua pepe, siku nne kwa wiki, pamoja na mwenzako mmoja mnayeonyeshana mlichoandika kila Ijumaa, itakupeleka mbali kuliko warsha nyingi.

Msaada wa bure upo. AuthorAID, mradi wa shirika la INASP la Uingereza, huendesha kozi za uandishi wa utafiti mtandaoni na huwaunganisha watafiti chipukizi na wazoefu. Research4Life huzipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo, Tanzania ikiwamo, mlango wa kuingia kwenye maelfu ya majarida. Mlango huo hupitia kwenye maktaba ya taasisi, basi muulize mkutubi kabla hujamlipia mtu makala kwa kadi yako. Ni ajabu jinsi wahadhiri wanavyolalamikia ukosefu wa majarida bila kupandisha ngazi za maktaba yao.

Sasa onyo. Shinikizo la kuchapisha limezaa biashara ya majarida hewa na mikutano hewa. Jeffrey Beall, mkutubi wa Chuo Kikuu cha Colorado huko Denver, alikuwa akitunza orodha ya wachapishaji wa kutiliwa shaka hadi alipoiondoa mtandaoni Januari 2017. Nakala zake zinazozunguka leo zimepitwa na wakati, na kuzitumia kama msahafu ni kosa. Dalili za hatari ni hizi:

- Barua pepe inakusifu kwa makala isiyo ya fani yao.
- Wanaahidi mapitio na uchapishaji ndani ya siku chache.
- Ada inatajwa baada ya makala kukubaliwa, wala haimo kwenye tovuti.
- Wajumbe wa bodi ya uhariri hawalitaji jarida hilo popote kwenye kurasa zao za kazi.

Kagua jarida kwenye saraka ya DOAJ, na kwa majarida ya bara letu tazama AJOL. Hayo hayathibitishi kila kitu, maana yapo majarida mazuri yasiyomo humo, lakini yanachuja mengi. Na usiseme "kamati haitagundua." Kamati za vyuo zimeanza kuuliza, na makala iliyokataliwa na kamati huwezi tena kuihamishia kwenye jarida jingine kwa sababu imekwisha kuchapishwa.

Watumishi waendeshaji: chuo hakisimami kwa wahadhiri peke yao

Mipango mingi ya mafunzo vyuoni huandikwa kana kwamba mfanyakazi ni mhadhiri na wengine ni wasindikizaji. Hata fedha kubwa hufuata mkondo huo. Mradi wa HEET wa Tanzania, unaogharamiwa na mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 ulioidhinishwa mwaka 2021, umesomesha wanataaluma wengi shahada za juu, na ulikuwa na sababu nzuri ya kufanya hivyo. Lakini jengo jipya la maabara linaendeshwa na fundi sanifu, na mashine ya mamilioni hufa kwa kukosa mtu anayejua kuipima na kuisafisha. Mafunzo ya mtu huyo ya wiki mbili yanaweza kulinda kifaa chenye thamani ya uzamivu kadhaa.

Ukiwa fundi sanifu, mafunzo bora mara nyingi yamo ndani ya mkataba wa ununuzi. Kifaa kinapoagizwa, omba mkataba utaje mafunzo ya mtumiaji na ya matengenezo, na umtaje atakayefunzwa kwa cheo chake. Kama kamati haikutaja, muuzaji atatuma mtu wa kuwasha mashine mbele ya mkuu wa idara, kupiga picha na kuondoka. Ukiwa mkutubi, ujuzi unaotafutwa sasa ni kuwasaidia watafiti kutafuta, kupanga na kuhifadhi data, na kutunza hazina ya kidijitali ya tasnifu. Ukiwa mhasibu, mgavi au mhandisi, bodi yako ya taaluma, iwe NBAA, PSPTB au ERB, inakutaka ujiendeleze mara kwa mara ili ubaki na sifa. Tumia sharti hilo kama hoja unapoomba fedha, kwa sababu mwajiri anahitaji mtu mwenye sifa halali kwenye nafasi hiyo. Waandishi waendesha ofisi na watunza kumbukumbu wana Chuo cha Utumishi wa Umma. Hawa nao wasikubali kozi ileile ya "mawasiliano" kila mwaka ikiwa ofisi imehamia kwenye mifumo ambayo hakuna aliyewafundisha.

Halafu kuna kosa moja linalowaumiza watumishi wengi: kusoma shahada nje ya kada kwa matumaini kwamba mshahara utafuata. Katika utumishi wa umma Tanzania, kubadilishwa kada hakuji kwa kuwasilisha cheti. Inahitajika nafasi kwenye ikama, bajeti na kibali. Dereva aliyesoma shahada ya rasilimaliwatu anaweza kubaki dereva kwa miaka. Asizuiwe kusoma, ila kabla hajalipa ada amuulize afisa utumishi, kwa maandishi, kama kada anayoiwazia ina nafasi na muundo wake unadai nini.

Fedha, ruhusa na karatasi

"Chuo hakina fedha" mara nyingi ni kweli, na mara nyingine maana yake ni kwamba umeomba kwa kuchelewa. Mwaka wa fedha wa Serikali, Tanzania na hata Kenya, huanza Julai 1, na makisio huandaliwa miezi mingi kabla. Ombi linalofika Agosti, hata liwe zuri namna gani, linaomba fedha zilizokwisha kugawanywa. Jua idara yako inakusanya mahitaji ya mafunzo mwezi gani, na uwasilishe mapema ukurasa mmoja wenye mambo manne tu: tatizo la kazi, mafunzo yenyewe na gharama zake, nani atashika kazi yako ukiwa haupo, na nini kitaonekana kimebadilika ukirudi. Jambo la tatu ndilo linaloua maombi mengi kimyakimya. Mkuu wa idara anaweza kukubali ada lakini asiwe na mtu wa kufundisha kozi zako, na ukimletea jawabu umemwondolea sababu ya kukukatalia.

Ukipata nafasi ya masomo marefu, usipande ndege kabla ya kuwa na haya mkononi:

- Ruhusa ya masomo ya maandishi, yenye tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Ahadi ya mdomo ya rasi wa ndaki haina uzito kwa mkaguzi wa mishahara.
- Mkataba wa kurudi kutumikia chuo, umeusoma wote. Angalia ni miaka mingapi, na ukivunja unalipa nini: ada peke yake au na mshahara uliolipwa ukiwa masomoni.
- Maelezo ya nini kitatokea muda ukipita kabla hujamaliza. Uzamivu huchelewa kwa sababu zilizo nje ya uwezo wako, na anayeomba nyongeza kabla muda haujaisha husikilizwa kuliko anayeomba baada ya mshahara kusimama.
- Uhakika kwamba shahada ya chuo hicho itatambuliwa. Tanzania kazi hiyo ni ya Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, na Kenya ni ya CUE. Uliza kabla ya kulipa, maana wapo waliorudi na shahada isiyoandikika popote.

Na posho? Tuseme wazi: kwa mshahara wa watumishi wengi, posho ya kujikimu ni sehemu ya hesabu za nyumbani, na kumlaumu mtu kwa kuitaka ni unafiki. Tatizo lake ni kwamba hupanga foleni upya. Kozi ya mkoa mwingine yenye posho huenda kwa mwenye cheo, hata kama inahusu mfumo ambao yeye hataugusa kamwe, na anayeugusa anaachiwa "mrejesho" wa dakika kumi. Ukiona hivyo, omba kwa maandishi kwamba mshiriki awe yule anayeifanya kazi hiyo. Hutashinda kila mara, lakini sababu itakuwa imewekwa kwenye faili.

Kozi za mtandaoni

Ni nafuu na nyingine ni za bure, mfano OpenLearn ya Chuo Kikuu Huria cha Uingereza. Udhaifu wake ni kwamba watu wengi hawamalizi. Usijiandikishe peke yako: tafuta wenzako wawili au watatu, mkubaliane siku ya kukutana, na kila sehemu mkiimaliza muulizane imebadilisha nini kwenye kazi. Kusanya sehemu chache zenye faida. Huna wajibu wa kumaliza kozi nzima kwa ajili ya cheti ambacho kamati yako haitakihesabu. Na kabla ya kulipia cheti, uliza kama kitahesabiwa.

Wiki za mwanzo baada ya kurudi

Hapa ndipo mafunzo mengi hufia. Mtu anarudi, anakuta barua zimejaa, na faili la warsha linapanda juu ya kabati. Zuia hilo kabla hujasafiri: panga na msimamizi wako kikao cha nusu saa katika wiki ya kwanza ya kurudi, na uweke jambo moja, moja tu, utakalolijaribu ndani ya mwezi. Anayerudi na mapendekezo kumi na mawili kwa idara huchukiwa, na hakuna pendekezo linalotekelezwa. Kama mwajiri wako anatumia PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, liingize jambo hilo kwenye malengo yako ili lisiwe hisani tena. Waonyeshe wenzako kwa vitendo, hata kama ni watu watatu mbele ya kompyuta moja, badala ya kuwasomea slaidi ulizopewa.

Baada ya miezi mitatu pima kwa kipimo ulichokiandika kwenye ombi lako. Kama hakuna kilichobadilika, tafuta sababu bila kujilaumu: pengine kozi haikufaa, pengine umekosa programu ya kufanyia kazi, pengine msimamizi hakukupa nafasi. Andika sababu hiyo kwenye ombi lako linalofuata. Afisa mafunzo anayesoma maombi mia moja yenye maneno "kuongeza ujuzi na ufanisi" atalikumbuka lile linaloeleza kwamba mafunzo ya mwaka jana yalikwama kwa kukosa leseni ya programu, na kwamba safari hii leseni imo kwenye bajeti ya idara.

Kwa mkuu wa idara anayesoma haya

Unaweza kufanya mengi bila senti. Ruhusu saa moja kila wiki mbili ya wenzako kufundishana, na usiigeuze kuwa kikao cha matangazo. Mpunguzie mkufunzi msaidizi mzigo wa muhula wake wa kwanza, na umpe mzoefu mmoja wa kumtazama darasani. Weka orodha ya nani amekwenda mafunzo gani kwa miaka mitatu iliyopita na uibandike panapoonekana. Majina yanayojirudia yatajieleza, na hutalazimika kuitisha kikao cha kujadili upendeleo.